Spika ya Nne

Mtaa mzima walimwita Mzee Kelele, na yeye wala hakununa. Mtu ameendesha lori la mikate maisha yake yote, anawasha injini wenzake ndio kwanza wanageuza mto, ukimwita Kelele anaona umempa cheo. Watu walipita pale ukutani kwake jua likishapinda, wakasikia ardhi inanguruma kama ina njaa, wakatikisa vichwa: mzee kaingiwa na utoto. Kumbe mwenzao hana utoto wala nini. Alikuwa anamtafuta mkewe.

Na mkewe alikuwa hajaenda popote, usije ukadhani. Alikuwa pale pale, kiti cha pembeni yake, kiganja kimoja kwenye dashibodi, miguu mitupu kwenye bati la sakafu. Ila mtu anaweza kuwa ubavuni mwako na bado anakwenda zake. Huyu alikuwa anakwenda kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na mzee kamba yake ya kumvutia ilikuwa ni moja tu, muziki wa ndani ya lile gari. Ikikatika hiyo, basi.

Gari lenyewe lilikuwa mkweche hasa. Injini ilishatolewa, magurudumu yalishaondoka na wenye bahati zao, bodi limekalia mawe kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. Kuku walikuwa wanataga chini yake. Lakini viti vilikuwa vizima, vioo vizima, na redio ilikuwa inalia. Betri mzee aliichaji kwa umeme wa ndani, waya umepita dirishani, juu ya sinki, mpaka uani. Ukiosha vyombo unainama usijinyonge.

Zamani mkewe alikuwa fundi cherehani, tena fundi wa kuimba. Anashona anaimba, anakata anaimba, mteja akichelewa kuchukua gauni lake anaimbiwa na yeye. Halafu ikaja ile homa. Akalazwa, akachomwa sindano kali siku nyingi, homa ikaondoka na masikio ikayabeba. Yalifunga kama duka la mtu aliyehama mji: leo amefunga mapema, kesho kafungua nusu mlango, keshokutwa ukipita unakuta kufuli. Akajifunza kusoma midomo, na akajifunza vizuri mno, maana ukimsema vibaya ukiwa ng'ambo ya barabara alikujibu. Lakini kuimba akaacha. Cherehani likawa linapiga kelele peke yake.

Siku waliyogundua mambo ya gari haikupangwa na mtu. Mzee alikuwa amekaa mle ndani na nyimbo zake za dansi, zile za enzi walipokuwa wanacheza mpaka viatu vinalia, akiwa na spika moja kubwa nyuma na amplifaya aliyofungiwa na fundi ili wimbo upate uzito. Mkewe akaja na kikombe cha chai, pekupeku, akaingiza mguu mmoja ndani ya gari ampe. Akaganda. Chai ikamwagika kwenye goti la mzee, mzee akaruka.

"Mama, umeniunguza!"

Wala hakumwangalia mdomo. Alikuwa anauangalia mguu wake. Akasema kwa ile sauti yake iliyokwisha kuwa bapa kama ubao, "Huu si ule tuliocheza kwa kaka yako, umeme ukakatika na watu wakaendelea?"

Mzee akasahau goti. "Umesikia?"

"Sijasikia. Umenipanda mguuni."

Basi kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yao. Jua likipinda wanaingia garini kama watu wanaokwenda safari. Mama anavua ndala, anakanyaga bati. Mzee anaweka nyimbo, zile zile, moja baada ya nyingine, na kwa kidole cha shahada anagonga mdundo kwenye usukani, maana mkono wake haujawahi kukaa kimya mbele ya dansi. Mama naye anagonga kwenye dashibodi. Wanaangaliana, wanacheka. Pakiisha pale, anashuka uso unang'aa, anakwenda kupika, na mzee anaapa kwamba siku kama hiyo hata chumvi inakaa sawa.

Wakaenda hivyo miaka. Halafu likaja la pili, maana ugonjwa huwa unapenda nyumba uliyoshaizoea. Sukari. Ikaanzia vidoleni mwa miguu. Alikuwa anasema miguu imevaa soksi na soksi hana. Siku moja akakanyaga kipande cha chupa, akatembea nacho toka jikoni mpaka chumbani, nyayo nyekundu sakafu nzima, halafu akatoka mlangoni anauliza, "Nani kachinja kuku humu ndani?" Walicheka siku ile. Mzee alicheka huku anafuta sakafu, na alipomaliza kufuta akakaa kwenye ndoo, akakaa sana.

Mle garini akaanza kumwona mkewe anakanyaga kwa kutafuta, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Akaongeza sauti. Ikasaidia. Baadaye haikusaidia. Akaongeza spika ya pili, fundi akamfungia, ikasaidia tena, kwa muda. Mzee akajiambia, mtu akiwa hasikii hodi, unagonga zaidi. Akaenda kwa fundi kutaka ya tatu na ya nne.

Huyu fundi walimwita Waya, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu hakukosa kipande cha waya mdomoni, anautafuna kama kijiti cha meno. Alikuwa anafanyia kazi kwenye kontena lililokatwa dirisha, magari yanapangwa nje yamefunguliwa milango, kila moja linapiga wimbo wake. Kuongea pale ni kugombana.

"Mzee wangu, amplifaya yako mwisho wake omu mbili. Imeandikwa hapa nyuma. Soma."

"Sina miwani. Nisomee."

"Si ndio nimekusomea? Omu mbili. Spika zako kila moja ina omu nne. Zikifungwa mbili bega kwa bega, zinashuka, zinakuwa omu mbili. Hapo tumefika ukutani. Ukitia ya tatu zinashuka chini ya hapo. Ukitia ya nne inabaki omu moja."

"Sasa kushuka kuna ubaya gani? Mbona bei zikishuka watu wanashangilia?"

Fundi akautoa waya mdomoni, akacheka. "Omu ndiyo inaushika umeme shati, mzee. Ukiipunguza, umeme unatimka mwingi kuliko amplifaya inavyoweza kuutoa. Chukulia pampu ya maji. Umefungua bomba moja, inasukuma, maji yanatoka kwa heshima. Umefungua mawili, inahema, lakini inasukuma. Ukiyaachia manne kwa mpigo inajitutumua, inapata moto, inaungua. Maji utayaona, tena ya kutisha, lakini ya muda tu."

"Kwa hiyo maji yanatoka mengi."

"Hilo tu ndilo umelisikia?"

"Nimesikia yote. Nauliza hilo."

"Yanatoka. Mpaka iungue."

"Basi nifungie."

"Sikufungii. Ikiungua, mtaa mzima watasema Waya ndiye kafunga. Nikizifunga mbili kwa kufuatana, na mbili kwa kufuatana, halafu nikaziunganisha, zinarudi omu nne. Amplifaya itakaa baridi kama maji ya mtungi."

"Na nguvu?"

"Nguvu itapungua. Lakini utasikia kila kitu, gitaa, ngoma, mpaka mwimbaji akimeza mate."

"Mimi si wa kusikia," mzee akasema. "Mimi nasikia vizuri."

Akaondoka. Fundi hakuelewa, akaita mteja mwingine.

Spika mbili alizipata kwenye gari lililopondwa, kwa makanika ambaye zamani mzee alikuwa akimpa lifti kwenye lori la mikate. Kuzifunga akafunga mwenyewe. Alishamwangalia Waya vya kutosha, na kwa macho kila kazi ni nyepesi. Akamenya waya kwa meno, akasokota chanya na chanya, hasi na hasi, zote nne bega kwa bega kwenye tundu zile zile, akazungushia utepe wa plastiki mpaka pakavimba kama kidonda kilichofungwa na mtoto. Akamwita mkewe.

Nakwambia, ulipoanza ule wimbo, bati la paa la jirani lilijibu. Kuku wakatoka chini ya gari wakaenda kusimama mbali, shingo juu. Mzee aliusikia mpaka kwenye meno ya bandia. Akamgeukia mkewe, kidole chake kinagonga usukani, uso wake umejaa swali.

Mkewe akamwangalia. Akamwangalia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Halafu vidole vyake vikaanza kucheza kwenye dashibodi.

"Unausikia?"

"Nausikia!" akasema, kwa sauti kubwa hata ukuta wa pili wakajua. "Huu mzito!"

Mzee akageuza uso dirishani kwa sababu macho yalikuwa yanamtania.

Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta, mwanamama mwenye ulimi usiokaa ndani. "Mzee Kelele! Vikombe vyangu vimetembea kabatini, kimoja kimejirusha chenyewe!"

"Kimechoka kukaa na wewe!"

"Nitahama mimi!"

"Nikubebee godoro?"

"Beba mkweche wako! Unalia na hauendi!"

Mkewe aliyasoma yote yale midomoni, wa huku na wa kule, akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee akaona amewahi kushinda mambo machache duniani na hili ni mojawapo.

Ila amplifaya haikuona hivyo. Nyimbo chache tu, taa yake ndogo ya kijani inageuka nyekundu, muziki unakata, kimya. Ilikuwa inajizima ili isife. Mzee akawa anangoja ipoe, inaamka, anapiga, inazima. Akaitafutia kitambaa kibichi. Kitambaa kikakauka kikawa kama kimepigwa pasi. Akaleta feni ya chumbani, akailaza kwenye buti ikiipulizia mgongoni, na wao wakalala na joto. Akaja kwenye barafu, anaifunga ndani ya nailoni mbili, anailaza juu ya lile chuma kama mtu anayemshusha mgonjwa homa. Ukimwona ameinama kwenye buti anabadilisha barafu ungesema kuna mtoto mle.

Ikaja fyuzi. Ilikuwa inakatika, anaweka nyingine, inakatika. Mwisho akachoka, akachukua kipande cha waya mnene wa shaba, akakipachika mahali pa fyuzi. Hakikukatika tena. Akajisifu mpaka kwa Waya, maskini, kama mtu anayesimulia alivyomshinda mwizi.

Waya alikuja mwenyewe kuangalia. Akafungua buti, akaona ule uvimbe wa plastiki, barafu inachuruzika, shaba imekaa pa fyuzi. Akashika kichwa.

"Mzee, hii fyuzi uliyoitoa ndiyo iliyokuwa inakuombea."

"Imeacha kukatika."

"Ndiyo! Sasa kitakachokatika ni amplifaya. Au moto utakula gari na wewe humo. Nipe nitoe hizi mbili."

"Usiguse."

"Mzee wangu..."

"Nimesema usiguse, mwanangu. Unaona yule pale?" Mkewe alikuwa anaanika nguo, anahesabu vibanio kwa macho kwa sababu vidole navyo vilikuwa vimeanza kuviangusha bila kujua. "Yule kwangu ni masaa yale ya garini tu. Mengine yote tunaishi kama watu wawili walio kwenye foleni. Ukinitolea spika mbili umenitolea yeye."

Waya akafunga buti polepole.

Binti yao naye alikuja, akamkagua mama yake miguu, akamfunga kidonda kingine ambacho hakuna aliyejua kilipotoka. Akamfuata baba yake uani.

"Baba, daktari alisema mishipa ikishakufa hairudi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Sasa haya makelele yanamsaidia nini?"

"Daktari hajui dansi. Mama yako juzi kanitajia wimbo kabla sijafungua mdomo."

"Wimbo gani?"

"Ule wa tatu."

"Baba, si unaziweka zile zile, kwa mpango ule ule, kila siku? Hata mimi ninayekuja mara moja moja najua wa tatu ni upi."

Mzee akamwambia aende akamsaidie mama yake jikoni, asiwe anazungukazunguka uani kama kuku. Kwa ukali, tena, ukali ambao binti hakuuzoea. Na siku ile jioni walipoingia garini, alitaka kuanza na wimbo wa saba. Mkono ukafika kwenye kitufe, ukarudi. Akaanza na wa kwanza.

Sasa siku yenyewe. Joto lilikuwa kali, barafu ilishayeyuka kabla hawajakaa vizuri. Walikuwa kwenye ule wimbo wa umeme kukatika, wimbo wao, katikati pale gitaa linapoachwa peke yake kabla ngoma hazijarudi. Ngoma zikarudi, pigo moja, mbili, na muziki ukakata.

Hakikutokea kishindo. Ulikata tu, kama mtu kashika mdomo. Mzee alifikiri ni taa nyekundu, kawaida yake, na kidole chake kikaendelea kugonga usukani, maana wimbo ule aliujua mpaka mwisho na kidole hakihitaji kuambiwa. Kuku wakasikika wanakwaruza. Jirani alikuwa anaosha sufuria.

Akageuka amwambie mkewe wangoje ipoe.

Mkewe alikuwa anacheza. Kichwa kinayumba, macho yamelegea nusu, yameangukia upande wa usukani, vidole vinagonga dashibodi, ta-ta, ta, ta-ta, sawasawa kabisa.

Mzee hakusimamisha kidole. Aliogopa kukisimamisha. Akakipunguza mwendo kidogo, kama wimbo umechoka, na vidole vya mkewe vikachoka navyo. Akakiharakisha. Vikaharakisha. Akagonga mdundo wa hovyo, ambao hakuna bendi duniani ingeupiga, na mkewe akakunja uso kidogo, akaukamata, akaufuata, akatabasamu.

Akaacha.

Mkewe naye akaacha. Akavuta pumzi ya mtu aliyeshiba. "Umekwisha?" akasema. "Huo ndio ninaoupenda kuliko yote."

Mzee alijaribu kuuweka uso sawa. Lakini wewe utamdanganya vipi kwa uso mtu ambaye uso ndio redio yake? Mkewe akamkazia macho. Halafu pua yake ikakunjamana.

"Kuna kitu kinaungua."

Ndipo mzee na yeye akaisikia ile harufu, plastiki na kitu kama nywele. Akashuka mbio mbio, akafungua buti, moshi ukamjia usoni. Akang'oa waya wa betri kwa vidole vitupu, ukamchoma, akautupa, akaumwagia mchanga uvimbe wake wote wa plastiki. Lile chuma likawa linatoa mlio mdogo, tiki, tiki, likipoa. Akasimama pale anapuliza vidole, hataki kurudi mbele. Mwisho akarudi. Atakwenda wapi?

Mkewe alikuwa ameshavaa ndala. Mikono ameiweka mapajani.

"Imezima lini?" akauliza.

Mzee akasema kwa midomo, bila sauti, "Sasa hivi tu."

"Kabla wimbo haujaisha?"

Mkewe akauangalia ule mkono wake ulioungua, kidole kile kile, akaelewa kila kitu, na mzee akaona ameelewa.

"Nilikuwa nakiangalia kidole chako," akasema. "Kinaniambia vizuri."

"Tangu lini?"

"Baba, tuingie ndani, nikupake kitu hapo."

"Tangu lini, mama?"

Akawa anachezea kamba ya ndala kwa kidole cha mguu, au alidhani anaichezea, maana kamba ilikuwa pembeni. "Tangu zile mbili za kwanza," akasema. "Ulipokuja na ya tatu na ya nne mimi miguuni sina kitu. Hizo sijawahi kuzijua hata kidogo."

"Na kifuani? Hata kifuani? Mimi zinanitoa meno!"

"Kifuani kuna kudunda. Lakini moyo wangu wenyewe siku hizi unapiga ovyo, sijui kipi cha gari na kipi changu. Nikawa naangalia kidole."

"Si ulisema huu mzito? Ulipiga kelele, mtaa mzima ukasikia!"

"Ulikuwa umekaa pale na vipande vya waya mdomoni," mkewe akasema. "Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Mzee akatafuta neno la mzaha, maana mizaha ndiyo iliyowatoa kwenye mengi. Akasema, "Basi nimeunguza amplifaya kwa ajili ya kuku." Lakini aliinamisha uso alipokuwa anasema, midomo haikuonekana, na mkewe hakulipata. Akamwambia rudia. Hakurudia.

Kesho yake mzee akaenda kwa Waya amekumbatia lile chuma. Waya akalifungua. Ndani kulikuwa kweusi, vile vipande vidogo vimepasuka kama mbegu zilizokaangwa. Hakumsema. Alikuwa amejiandaa kumsema siku nyingi, lakini alipomwona alivyokaa kwenye kile kiti cha wateja, magoti pamoja, akaliweka chuma chini ya meza, akavuta amplifaya nyingine ya zamani aliyokuwa ameitengeneza.

"Nikufungie hii. Nifunge ninavyojua mimi?"

"Funga unavyojua."

Waya akaja nayo nyumbani kwa mzee, akakata ule uvimbe wote, akaupa kila waya kichwa chake safi. Spika mbili kwa kufuatana, mbili kwa kufuatana, zikaunganishwa, omu nne. Akaweka fyuzi, fyuzi ya kweli. Akawasha.

Jamani, muziki ulilia. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa umekaa. Gitaa liko upande wake, ngoma ziko chini zinatembea bila kukanyaga mtu, na mwimbaji alikuwa kama amekaa kiti cha nyuma anaongea na nyie. Mzee alikuwa anazipiga nyimbo zile miaka yote na kuna maneno mle ndio kwanza anayasikia. Waya akaweka kiganja juu ya amplifaya, akamwonyesha: baridi.

"Unaona, mzee? Itakuzika hii." Akaona alichosema, akajirekebisha. "Namaanisha itadumu. Muite mama aje aone."

"Anakuja," mzee akasema.

Wakangoja. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, pazia linapumua. Wa tatu. Waya akakusanya koleo zake, akazifuta moja moja ingawa hazikuwa na uchafu, akaangalia mlango, akamwangalia mzee, akasema ana gari la mtu linamngoja. Akaaga kwa mikono miwili.

Mzee akaingia ndani. Mkewe alikuwa amekaa kitandani na nguo zilizokauka, anakunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Mzee akakaa upande wa pili wa lile rundo la nguo. Mkewe akamwangalia mdomo.

"Imepona?"

"Imepona."

"Inalia vizuri?"

"Vizuri sana. Hujapata kuona."

"Basi nenda kasikilize, baba. Mimi leo nimechoka."

Alisema leo. Wote wawili waliijua hiyo leo ni ya namna gani. Jana ile ile angetoka amechoka hivyo hivyo, angekaa, angekiangalia kidole, kwa sababu jana kulikuwa na mtu wa kufurahisha. Sasa hata cha kumficha hakuna. Angekwenda kufanya nini mle ndani, akae juu ya bati amwangalie mumewe anasikia?

"Nitakwenda," mzee akasema.

Akachukua nguo moja akaanza kukunja. Alikuwa hajui kukunja, mikono ya shati ilimshinda, mkewe akamnyang'anya taratibu, akaikunja yeye, akamwekea pajani. Huko nje ngoma zilikuwa zinatembea zenyewe, nzuri, mbele ya viti viwili vitupu, na jirani hakutokeza kichwa wala nini. Mzee alizisikia mpaka jua lilipoondoka dirishani, na hata betri ilipoanza kulegea, mwimbaji akawa anavuta maneno kama mtu mwenye usingizi, hakuinuka kwenda kuzima.

"Bado inalia?" mkewe akamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, bado.